Baba Amestaafu, Sasa Anataka Kuwapikia Wakwe Zangu Chapati

Mpendwa Mama Warigia,

Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu baada ya hapo ushauri wowote utakuwa umechelewa. Mimi ni kijana, ni karani katika kiwanda kimoja hapa Eneo la Viwanda, Thika, nimesoma hadi chuo, sinywi pombe, na nina mchumba anayeitwa Becky ambaye watu wake wanaishi Mwiki, kule Ruiru. Nasema haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa vurugu. Tatizo langu ni baba yangu, ingawa naona vibaya hata kuliandika neno hilo, maana baba hajanikosea chochote.

Baba alifanya kazi ya boila, kulisha moto wa kuchemshia maji ya mvuke, katika kiwanda cha nguo tangu ujana wake, akastaafu mwaka jana. Wiki za kwanza alitutia wasiwasi, alikuwa akiamka gizani kama mtu anayesubiriwa na zamu, anavaa viatu, anakaa mlangoni, kisha anavivua. Halafu siku moja mama, ambaye bado ana kibanda chake cha mitumba sokoni, alichelewa kurudi, baba akaamua kupika ugali, ukaungua, akapika mwingine, na tangu hapo hatoki jikoni. Nikisema ukweli maisha yake ya sasa hata mimi nayaonea wivu. Asubuhi anakunywa chai nje polepole, anasema kazini hakuwahi kumaliza kikombe kabla hakijapoa, anamwagilia sukuma wiki alizopanda kwenye magunia, anacheza drafti na wastaafu wenzake kwa vifuniko vya soda, akishindwa anasema ni kwa sababu mawazo yake yako kwenye unga, kisha anapita dukani kubishana na mwenye duka kuhusu unga gani unavutika vizuri.

Chapati alifundishwa na Syokau, mama mmoja wa Kikamba anayeziuza kibandani karibu na Kiandutu. Baba alikuwa akienda pale kila asubuhi, anasimama kando ya kikaango akitazama tu, mpaka Syokau akamwambia, "Mzee, ama ununue ama uoshe mikono usukume." Akaosha mikono. Siku hizi mama akirudi kutoka sokoni anakuta chakula mezani, anavua viatu, anakaa, na wanacheka wawili kama watu waliooana juzi. Nilipomuuliza baba kwa nini anajisumbua aliniambia, "Ule moto wa kampuni niliulisha miaka na miaka, na sikuwahi kuona hata kikombe kimoja cha chai kikitoka kwake. Huu wangu ni mdogo, lakini mama yako anashiba."

Majirani nao hawamwachi. Akipita na paketi ya unga wanamwuliza, "Mzee Kahiga, leo menyu ni gani?" Na kuna mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Wewe umekaliwa chapati!" maneno ambayo hapa kwetu huambiwa mwanamume anayetawaliwa na mke wake. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini baba alijibu bila hata kusimama, "Nimekaliwa, na nimeshiba. Wewe umekula nini?"

Basi Jumamosi hiyo watu wa Becky wanakuja kwetu kuona itara. Kwa asiyejua desturi yetu ya Kikuyu, itara ni ile dari ya fito iliyokuwa juu ya meko, kuni zikikaushiwa hapo, na watu wa msichana huja kwa kina mvulana kutazama nyumba ambamo binti yao atakuwa mke. Siku hizi tunapikia gesi lakini jina limebaki. Jumapili baada ya kanisa tulikutana kupanga, mama akasema wanawake wa kikundi chake watapika nyama na mukimo wetu wa viazi na mahindi ya kupondwa, na baba akainua mkono kama yuko darasani akasema, "Chapati ni zangu. Mtu asiziguse." Mama akacheka. Baba mkubwa Gachau, kaka yake baba, ambaye ndiye msemaji wetu na ndiye aliyenisomesha, hakucheka. Wakati wa kuondoka akanivuta hadi langoni.

"Umesikia baba yako?"

"Nimesikia, baba mkubwa."

"Babake Becky ni mzee wa kanisa. Aingie hapa amkute mwenye boma na unga kwenye masharubu? Watasema binti yao anaolewa kwa nyumba isiyo na mwanamume."

"Sasa tufanye nini?"

"Mwambie baba yako kwamba Becky ameomba chakula chote kiletwe na watu wa hoteli. Likiwa ni jina la Becky, hatakataa."

Nikasema sawa. Mama Warigia, nilisema sawa haraka haraka kama ninavyomjibu bosi wangu kazini, na nilipofika chumba ninachopanga ndipo nikaelewa nilichokubali.

Jumatatu jioni nilikwenda kumwambia baba. Nikamkuta amevaa aproni mpya, amenunua na kibao kipana cha kusukumia, akaniambia, "Njoo uonje, baba," maana huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la babake, "uniambie kama watu wa Mwiki watazikubali." Nikala ya kwanza, nikala ya pili nikiwa nimesimama, nikitafuta pa kuanzia, naye ananitazama usoni kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani, nikashindwa, nikasema nina kazi ya ofisini nikaondoka. Sasa baba mkubwa ananipigia simu kila siku, "Umemwambia?" nami najibu, "Bado kidogo." Nikimwambia nitamvunja moyo katika kitu kimoja kinachomfurahisha tangu astaafu, na nikinyamaza huenda babake Becky akaondoka na neno baya na harusi ikasimama. Namwogopa baba mkubwa, namwogopa babake Becky, na zaidi naogopa uso wa baba. Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu,
Thika

*

Kijana wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakuonea huruma. Kusimama katikati ya baba aliyekuzaa na baba mkubwa aliyekusomesha si mahali pazuri, na wengi wenye umri wako wangekuwa wameshasema huo uongo na kulala usingizi. Wewe ulishindwa. Kushindwa huko ndiko kunakonifanya nikuamini. Lakini huruma yangu inaishia hapo.

Umewaogopa wanaume watatu katika barua moja, na mwanamke unayetaka kumwoa hajafungua kinywa hata mara moja. Becky anasemaje? Unataka kulitumia jina lake kumnyang'anya baba yako kikaango, na yeye mwenyewe hajui! Siku hiyohiyo ya wageni baba yako atamfuata, tena kwa upole kama nilivyomwona katika barua yako, amwulize, "Binti yangu, chapati zangu zina shida gani?" Msichana atajibu nini? Utakuwa umemwingiza kwenu akiwa tayari na kosa ambalo hakulitenda, na atalikuta kila siku mezani.

Jambo la pili. Barua yako imejaa aibu tangu juu mpaka chini, na hukusema hata mara moja kwamba chapati zenyewe ni mbaya. Ulikula ya pili umesimama. Mtu anayeonea aibu chakula haongezi.

Na hiyo itara umenieleza vizuri kuliko wengi wa rika lako, ila hukujisikiliza. Watu wanatoka Ruiru kuja kutazama meko. Wanataka kujua kama nyumba hii ina moto na ni nani anayeulisha, ili binti yao asije akalala njaa. Kwenu moto upo, na anayeulisha ni mtu ambaye hiyo ndiyo imekuwa kazi ya maisha yake. Wewe na baba mkubwa wako mnataka kumficha yeye na kuwaonyesha sahani za hoteli. Watarudi Mwiki wakiwa wameona nini? Gari la hoteli?

Mimi napokea barua nyingi kuhusu wazazi waliostaafu. Mzee amenyamaza, mzee ameanza pombe, mzee amekaa anatazama ukuta tangu kampuni imwachishe kazi. Baba yako alikuwa anaelekea huko, wewe mwenyewe ulimwona akivaa viatu vya kwenda mahali pasipokuwepo. Akajitoa, kwa unga na mafuta, bila kukuomba wewe chochote isipokuwa uonje. Watoto wengine wangelipa nauli kuja kumwona mzazi kama huyo.

Sitamnyima baba mkubwa hoja yake moja ya kweli. Mwenye boma hafai kuwa jikoni wageni wakiingia. Anatakiwa awe amekaa, ameoga, amevaa koti, awapokee. Lakini hiyo ni shida ya ratiba, haina uhusiano wowote na aibu, na dawa yake ni hotipoti mbili kubwa za kuzitunza chapati zikiwa moto.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hujafanya kingine, mpigie Becky umweleze yote, pamoja na ule uongo uliotaka kumbebesha, na umwulize anaonaje. Akicheka, umepata mke. Akikasirika, sikiliza ni kwa sababu ya chapati au kwa sababu ya uongo. Nadhani najua.

Kesho nenda kwa baba mkubwa kwa miguu yako, si kwa simu, na usiende mikono mitupu. Ngoja amalize salamu, kisha umwambie hivi, "Baba mkubwa, Jumapili nilikubali kwa sababu nakuheshimu, lakini siwezi kumwambia baba uongo. Wageni wakiingia atakuwa amekaa kando yako na koti lake, hilo nitalisimamia mimi." Basi, unyamaze. Atakasirika. Mwache akasirike, chai itaisha na bado atakuwa baba mkubwa wako, na bado atakuwa msemaji, kwa maana kazi hiyo anaipenda kuliko anavyoonyesha. Na usimpake mafuta kwa kumwambia kwamba utafikiria tena. Hiyo "bado kidogo" yako ndiyo imekufikisha hapa.

Kisha rudi kwa baba yako. Mwombe jambo moja tu, kwamba chapati ya mwisho iwe imetoka kikaangoni wakati wageni bado wako njiani, ili apate muda wa kuoga. Ataelewa bila maelezo. Huyu ni mtu aliyefanya kazi kwa zamu, hajawahi kuchelewa kuikabidhi.

Kuhusu babake Becky, sijui atasema nini, na wewe hujui. Mzee wa kanisa si mtu wa mawe. Huenda naye amestaafu au yuko karibu, na anajiuliza atafanya nini na siku zake. Lakini hata akikunja uso, akunje kwa jambo la kweli alilolikuta kwenu, si kwa jambo mlilompangia. Familia inayoanza kwa kuficha baba itaficha nini mwaka wa pili?

Jumamosi amka mapema. Vaa aproni ya mama yako kama hakuna nyingine, simama kwenye kile kibao, baba akate madonge wewe usukume, na akikwambia yako imetoka kama ramani ya Kenya, vumilia. Wageni wakishakula, kutakuwa na mmoja, aghalabu huwa ni mama wa msichana, atakayeuliza ni nani aliyepika. Usitazame chini. Usimngoje mama yako ajibu, wala baba mkubwa. Simama wewe, mbele ya wazee wote, useme, "Ni baba. Mimi nilisukuma." Kisha mwongezee mgeni chapati.

Mama Warigia