Glavu Hazilali Kwangu Leo

Alhamisi. Julai inauma mpaka kwenye mifupa, jua halijaonekana tangu asubuhi, na hapa mtaani Umoja kila mtu anatembea amekunja mikono kwapani. Mimi pia, ila wa kulia naukunja kwa tahadhari.

Niseme mapema kwa yeyote anayesoma: mimi ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa maziwa, nayanusa kabla sijatoka dukani. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo usishangae kwamba muda huu wote nimekuwa nikimshuku mwanamke anayenitibu.

Anaitwa Mercy. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, sisi tunasema fizio, na chumba chake kiko juu ya duka la rangi. Nilipelekwa kwake baada ya bega langu kuteguka. Mimi ni golikipa wa timu ya wanawake ya mtaa wetu. Niliruka kuufuata mpira wa kona upande wa kulia, mshambuliaji wao akaniangukia juu ya mkono, na bega likatoka mahali pake. Hospitalini walilirudisha, wakanifunga mkono kwa kitambaa shingoni, na walipokitoa wakaniambia nikafanye mazoezi.

Nilitarajia sindano. Mercy hana sindano. Hana hata kidonge. Siku ya kwanza aliniinamisha, mkono ukaning'inia, akaniambia niuzungushe polepole kama anayekoroga uji. Kisha nitembeze vidole ukutani kwenda juu mpaka bega likatae, nishuke, nianze tena. Baadaye akanipa raba ya kuvuta, imefungwa kwenye kitasa cha mlango. Nilipomsimulia mama yangu, alicheka mpaka akaacha kukata mboga ya sukuma.

"Daktari gani hana dawa? Huyo anakucheza, Nafula. Ukuta hata sisi tuko nayo."

Nikaona mama amesema kweli. Lakini mkono ulipanda, siwezi kukataa. Sasa nachana nywele zangu mwenyewe. Naanika nguo. Juzi nilishusha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati bila kufikiria, nikaja kuogopa baadaye nikiwa nimeshaiweka chini.

Basi kama mkono umepanda, kwa nini haniruhusu kucheza?

Hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuniwasha. Kila nikimuuliza jibu ni moja: bado kidogo. Ananirushia mpira wa tenisi pale chumbani, na badala ya kuangalia bega, ananiangalia usoni. Mgonjwa ni bega. Usoni anatafuta nini?

Ili uelewe uchungu wangu lazima nikueleze habari ya glavu. Timu yetu ina jozi moja tu ya glavu za maana, tuliyoinunua kwa mchango. Hakuna aliyeandika sheria, lakini kila mchezaji anaijua: glavu zinalala nyumbani kwa golikipa nambari moja. Zikihama kwako, na goli limehama. Mimi tangu niumie sijazitoa. Shiru, msichana aliyeshika nafasi yangu, anadaka na glavu za mjengo, zile za kubebea mawe, huku hizi za timu ziko kwangu zimefungwa ndani ya leso. Kocha ameziulizia kwa upole, nikajifanya kuchemsha chai. Si jambo zuri. Lakini nilijua nikizitoa sirudi.

Jumapili, nikitoka kanisani, nikapitia uwanjani. Nani nawaona? Mercy na Shiru, wawili tu. Mercy amemshika Shiru kiwiko, anamwonyesha namna ya kurusha mpira. Waliponiona walinyamaza. Halafu wakaendelea, kwa Kikuyu. Mimi wazazi wangu walitoka Bungoma, nimekulia hapa hapa, na Kikuyu changu ni cha sokoni: kinaishia kwenye bei na matusi. Walichosema hakikuwa bei wala matusi.

Nikapata jibu langu palepale. Fizio anamnoa Shiru, na mimi ananiweka ukutani nikitembeza vidole.

Leo asubuhi ukaingia ujumbe wa Mercy. Hatukutani chumbani, tukutane uwanjani, na nije na glavu.

Nije na glavu!

Mama alisema nisiende nazo, wakizitaka waje wazichukue mlangoni wakiniangalia machoni. Nilienda nazo. Niliziingiza ndani ya jaketi, nikafunga zipu mpaka shingoni.

Uwanja ulikuwa na matope. Mercy alikuwepo, Shiru alikuwepo na mpira, na kocha alikuwa amekaa pembeni juu ya tairi kuukuu. Nikajiambia, haya basi, hata shahidi wamemleta.

"Niaje Nafu," Shiru akasema. "Bega iko aje?"

"Iko," nikamjibu.

Mercy akaniambia nivae glavu nisimame golini, Shiru atanirushia. Akarusha kushoto, nikadaka. Katikati, nikadaka. Mikono ilizikumbuka zile glavu na mimi nikaanza kuringa, nikamtupia kocha jicho. Kisha Shiru akarusha kulia. Mpira wa pole, wa usawa wa kifua, mtoto angeudaka. Ukapita. Nikasema ni matope. Akarusha tena, ukapita tena, na safari hii nilijikuta nimegeuza uso, macho nimeyafumba, mkono wangu wa kulia umejikunja ubavuni. Ulikuwa umejificha kabla mpira haujafika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikamgeukia Mercy kwa hasira. Nikamwambia unaona, bega bado, umenichelewesha bure na bado halijapona.

"Bega ilipona kitambo, Nafula," akasema. "Mimi nimekuwa nikingoja hiyo ingine. Hata kule kwa room, mpira ikienda huo upande unafunga macho."

"Dokta amekuwa akinifunza kukurushia," Shiru akaongeza. "Vile mimi hurusha ungeumia. Na Sunday tuliongea Kikuyu juu ya vile ulikuwa umenuna, hatukujua tukuambie aje."

Nilitafuta kosa katika hayo maneno. Nalijua kosa likijificha, nina kipaji hicho. Sikulipata. Nilikuwa nimesimama kwenye matope na glavu za watu mikononi, na waliokuwa wakinipangia njama walikuwa wakipanga namna ya kutoniumiza.

Nikasema, "Naogopa."

Sikuwa nimepanga kulisema, tena mbele ya kocha. Tangu niumie sijamwambia mtu, hata mama. Naogopa ule upande. Naogopa kulala juu yake. Nikisikia mtu akikimbia nyuma yangu barabarani, naushika mkono wangu.

"Haya," Mercy akasema. "Sasa hiyo tunaweza kuifanyia mazoezi."

Jumamosi tunacheza na timu ya Kayole. Kocha aliangalia tu viatu vyake. Nikavua glavu nikampa Shiru. Hakuzivaa. Aliziangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia na kocha.

"Unanipima?" akauliza.

Kumbe na yeye ni mtu wa kushuku. Hapo ndipo nilipompenda kidogo, kidogo tu. Nikamwambia achukue kabla sijabadili mawazo. Kisha nikaondoka haraka, nikalia njiani, mbele ya kibanda cha mama anayeuza mahindi ya kuchoma, naye akaniuliza kama ni moshi. Nikamwambia ni moshi.

Sasa glavu ziko kwa Shiru. Mama amenuna, ananiona mjinga. Huenda ana haki. Bado sijui kama nitarudi golini, na mtu yeyote atakayeniambia nitarudi nitamshuku.

Lakini Mercy amenipa zoezi jipya, na si la mkono. Jumamosi nisimame nyuma ya goli, mbali kidogo, upande wa kulia. Nisidake chochote. Mpira ukija, niuangalie mpaka mwisho. Basi. Goli letu halina wavu, kwa hiyo mpira utakuja kweli, na mtaa mzima utakuwa umejipanga pale pembeni, wale wote waliowahi kuniona nikijirusha miguuni mwa washambuliaji. Watamwona golikipa wao amesimama mikono mitupu, akifanya mazoezi ya kufumbua macho.

Nitaenda. Na nikiyafumba, wanione nimeyafumba.