Kikao Ambacho Hukuitwa

Mama Dorcas,

Nimekwenda Usagara kwa kaka Yakobo. Maziwa nimechemsha, yafunike, paka wa jirani ameshayanusa. Dawa nimekunywa, usianze kuhesabu vidonge.

Asubuhi uliponiuliza kama nimechagua upasuaji au mionzi kwa hii kansa ya tezi dume, nilisukuma kikombe nikasema hayo ni mambo ya wanaume. Chai nimeifuta. Lile neno sijui nilifute vipi.

Ukweli ni kwamba Jumapili kaka zangu walikaa kikao, wakaamua nipasuliwe haraka, nami nikaitikia kama mtoto. Hakuna aliyeuliza habari ya mkojo kutoka wenyewe baada ya kupasuliwa, wala habari ya kitanda chetu. Daktari alishanieleza yote mawili. Niliona aibu kuyataja mbele ya shemeji zako, nikaona aibu zaidi kuyataja kwako. Tangu hapo situlii, nazunguka uani kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama.

Sasa nakwenda kumwambia Yakobo kwamba sijaamua bado. Atakasirika, na akasirike.

Alhamisi nitakwenda kwa daktari ~~peke yangu~~ ~~na Yakobo~~ na wewe. Andika maswali yako yote, hata yale ya kitanda, maana mimi nikifika pale ulimi unakauka. Dorcas afunge banda la kuku. Yule samaki sato mnibakizie kichwa.

Ukinuna nikirudi, ni haki yako. Ila pale kikaoni sikuwaambia kwamba naogopa. Nakwambia wewe.

Baba Dorcas