Moto wa Ng'ambo ya Kijito

Mlimani, juu ya Mlali
12 Oktoba 1909

Mwanangu Agustino,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo, baba? Kifua kimepona? Unakula nini huko Morogoro? Mimi sijambo, ila goti la kushoto, na hilo umelizoea.

Barua yako niliisoma mbele ya watu baada ya sala, mara mbili, maana wa nyuma walisema hawakusikia. Mlima huu nani mwingine ana mtoto karani wa boma? Hata Felista, yule ambaye mwanawe anawapikia mapadre, siku hizi ananisalimu akiinama. Namwinua, nisionekane najivuna.

Sasa kuna jambo kubwa. Watu wa mlimani tunataka kutoka kwa Jumbe Dadi. Mvua zikikaribia anatuita sisi kwenye kazi ya barabara, huku watu wake wa bondeni wanapanda. Mjomba wako Yakobo kashuka Mlali akamwambia usoni kwamba tunataka kuwa nchi yetu wenyewe, na jumbe wetu. Dadi akacheka. Akasema, "Nikiwaachia ninyi leo, kesho watatoka wa bondeni, keshokutwa nitakuwa jumbe wa mke wangu." Mjomba wako akamwuliza, "Tulipoingia kwako, ulituuliza lini?" Watu wakabaki kukohoa.

Andiko letu analo Petro, huyu anayekuletea barua. Lifikishe kwa Bwana Shauri, huyo Mjerumani wenu wa boma, nawe utie neno. Nimeshawaambia watu, mwanangu akishika kalamu jambo limekwisha.

Nyumba yetu ya mgongoni mwa mlima ipo vilevile na milango yake miwili, watu wanapita kuitazama. Usiwaze.

Mama yako,
Paskalia

Morogoro
20 Novemba 1909

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona. Nakula wali na dagaa, nayakumbuka maharage yako. Ninapolala tuko watu sita, na hakuna hata mmoja anayelijua jina la mama yangu.

Andiko nililifikisha. Bwana Shauri akamwita Jumbe Dadi na mjomba Yakobo, akanikalisha katikati nitafsiri. Akauliza ni nini kinachowapa watu haki ya kutoka, na kila kilima kikitoka, nchi itabaki wapi. Nilimtafsiria mjomba, nikatafsiri majibu yake, lakini kama ningeulizwa mimi, sijui ningesema nini. Dadi alivua kofia yake, akaipakata kama mtoto. Sikupenda kuitazama.

Mwisho ilikubaliwa mjomba awe jumbe wa mlima, kwa masharti. Mpaka uwe kitu kinachoonekana. Uandikwe mara moja tu. Mtu asihame upande mmoja kwenda wa pili. Na akitokea wa kudai uandikwe upya, karatasi yote itachanwa na mlima urudi kwa Dadi. Kwa kuwa mimi ni wa huko, niliulizwa mpaka uwe wapi. Nikasema kijito cha Mgera. Sikusita, mama, maana nyumba yetu iko mgongoni, juu kabisa ya kijito. Aliye juu ni wa mjomba, aliye chini ni wa Dadi.

Furahi. Umepata nchi.

Mwanao,
Agustino

Mlimani
9 Desemba 1909

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Karatasi imefika. Ngoma zimepigwa siku mbili, jina lako limeimbwa. Mimi nilipewa kiti. Sijambo.

Noeli usije. Njia imeharibika kwa mvua.

Mama yako

Morogoro
16 Februari 1910

Mama,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili, hukujibu. Jana Petro alileta njegere sokoni. Nikamwuliza habari za nyumba yetu, akaanza kupanga njegere zake upya. Nikamshika mkono.

Kumbe nyumba ya mgongoni iliporomoka na udongo masika ya mwaka juzi. Kumbe unakaa kibandani, chini ya kijito, peke yako. Na miaka yote miwili unaniandikia milango miwili!

Mimi ndiye niliyechora mpaka nikamwacha mama yangu nje. Jumatatu ya kwanza nikipata jibu lako nakwenda kwa Bwana Shauri kumwambia nilikosea. Niletee neno moja tu la kukubali.

Mwanao,
Agustino

Chini ya Mgera
3 Machi 1910

Mwanangu Agustino,

Marahaba, baba. Kristu akulinde na kifua chako.

Usiende. Petro nimemwambia akimbie, afike kabla ya Jumatatu yoyote.

Nyumba ilianguka, ni kweli. Uliniandikia kwamba barua zangu unawasomea wenzako wa boma. Sasa ningewasomesha kibanda? Na huku chini nilijenga kwa kutaka, maana mlangoni kwangu njia ya Morogoro inaonekana mpaka konani. Nilisema ukija nikuone wa kwanza.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya moto. Hujasahau desturi yetu. Kabla ya kupanda kila nyumba inazima mafiga, na kila mama anakwenda na kigae chake kuchukua moto mpya kwa mkubwa wa ukoo. Nami nilizima wangu, nikavuka kijito. Mjomba wako alitazama chini. Akasema, "Dada, ukichukua moto hapa wewe ni wa hapa, na karatasi inasema si wa hapa. Dadi anangoja tukosee. Tukivuta mpaka kwa nyumba moja, tutauvuta kwa ngapi?"

Nikamwuliza, "Kaka, maneno haya mara ya kwanza tuliyasikia kwa nani?"

Akainama kuchochea moto wake. Nikarudi na kigae changu kitupu. Felista alinipungia kanga kutoka ng'ambo, na mara hii hakuinama.

Dadi naye, sijui alisikia wapi, akatuma mtu kuniambia kwake moto upo. Nikamshukuru, nikasema ninao. Sikuwa nao. Siku mbili nilikula mihogo mibichi, nikapekecha vijiti mpaka viganja vikachubuka, moto ukawaka.

Basi hapa nako ni nchi, baba. Jumbe ni mimi, na mtu wake ni mimi. Sijamwomba mtu karatasi, na hakuna aliyeniuliza nina haki gani. Jioni nakaa mlangoni, nasema mawili matatu na kuku.

Kule juu watu wanapanda mvua zikija, hawaitwi na mtu. Hiyo ni kazi ya kalamu yako. Usiichane kwa ajili yangu.

Ukipata ruhusa, usipande mgongoni. Ukifika konani tazama kushoto, chini ya kijito, utaona moshi umesimama peke yake. Ndio wetu. Ni mrefu kuliko yote ya ng'ambo.

Mama yako,
Paskalia