Nimesusa Kufundisha, Wanafunzi Wanashangilia

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo mkuu wa shule amesema atabeba kiti chake aje akae nyuma ya darasa langu asikilize kwa masikio yake mwenyewe, na akikuta hali ni hii ninayotaka kukueleza basi darasa linachukuliwa, anapewa mwalimu wa chumba cha pili ambaye wanafunzi wanamwita Radi, na mimi napelekwa stoo kugawa vitabu, mwalimu mzima wa hesabu niwe wa kuhesabu vitabu.

Mimi nafundisha hesabu kidato cha pili, kazi hii sina muda mrefu nayo lakini naipenda, na somo nalijua, hilo nakuambia bila kujisifu, shida yangu si hesabu, shida yangu ni shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, kijana wa kiume, nyumbani kwao ni mbali na shule kwa hiyo mke wangu aliomba aje akae kwetu asome, nikasema karibu, na kusema kweli mtoto wa watu hana makuu, akitoka shule anaosha vyombo bila kuambiwa, anakula kinachowekwa mezani, ila sikujua kwamba katika kugawa wanafunzi ataangukia darasa langu mimi. Siku ile ile nilimkalisha chini nikamwambia sikiliza bwana mdogo, hapa nyumbani mimi shemeji yako, lakini ukishavuka geti la shule mimi ni Mwalimu, hunijui sikujui, akasema sawa shemeji, nikasema unaona, umeshaanza.

Ili watu wasije wakasema napendelea, nikakaza. Wenzake wakichelewa nawaambia ingieni mkae, yeye akichelewa anabaki nje ya mlango, ingawa tumetoka nyumba moja na kilichomchelewesha ni deki niliyomwachia mimi mwenyewe. Jioni akija mezani na daftari kuniuliza hesabu namwambia utauliza darasani kama wenzako, mke wangu akinuna namwambia haki ni haki.

Sasa siku hiyo nafundisha milinganyo, ubao umejaa, nawaeleza kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa kwenda upande wa pili, jumlisha inageuka kutoa na kutoa inageuka jumlisha, darasa limetulia tuli, nageuka nauliza kuna swali, ndipo yeye akanyoosha mkono, nikamruhusu, akasimama akasema, "Shemeji, hapo sijaelewa, kwa nini ikivuka inageuka?"

Shangazi, darasa lilipasuka. Kuna mmoja anakaa nyuma kabisa, wanamwita Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake, akadakia, "Shemeji, si umjibu shemeji yako!" basi madawati yakagongwa, wengine wakalala juu ya vitabu kwa kucheka, mimi masikio yananiwaka moto, nikamtoa nje yule kijana akasimama dirishani mpaka kengele ikalia, nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Tangu hapo sina jina jingine. Nikiandika ubaoni nasikia mgongoni "shem... shem..." nikigeuka wote wameinamia vitabu kama malaika. Nimepayuka mpaka sauti ikakauka, nimewapigisha magoti darasa zima pamoja na wale ambao hawajawahi kufungua mdomo, nimetishia kuita wazazi na sikuita hata mmoja, maana ningeanza na wa nani, mzazi wa shemeji yangu si ndiye mkwe wangu? Radi naye akisikia makelele anagonga ukuta upande wake, ngo ngo, "Nyamazeni huko!" na darasa langu linanyamaza, linamnyamazia yeye, mimi nimesimama hapo hapo na chaki mkononi.

Mwisho nikaona nitumie akili. Nikaweka chaki chini nikawaambia, sishiki chaki hii mpaka aliyeanzisha upuuzi huu apite mbele aniombe radhi, nikavuta kiti, nikakaa, nikakunja mikono, na mimi nikisema nimesema. Nilijua wataogopa, mitihani iko mlangoni. Walishangilia, Shangazi. Siku hizi nikiingia Kipaza ndiye ananifutia kiti kwa mkono wa shati, "Karibu ukae, mwalimu, pole na kazi."

Sasa nikishika chaki nimeshindwa, nisiposhika Jumatatu hiyo inakuja. Niliwaza nimwombe mkuu amhamishe kijana darasa jingine, mke wangu akasema ukimhamisha mdogo wangu mhamishe na dada yake, na hakuwa anatania. Baba yangu mdogo ananiambia fimbo tu, ndiyo dawa. Yeye mwenyewe mhusika anaosha vyombo vyake anakwenda kulala, hata mezani na daftari haji tena. Nitamnyamazishaje huyu mtoto na wenzake? Nisaidie haraka.

Ni mimi, Mwalimu wa Hesabu.

*

Mwalimu wangu,

Pole. Nimecheka pia, sikufichi, lakini pole imetangulia. Nami nimefundisha, lugha si hesabu, miaka ya kutosha kuijua ile dakika darasa zima linapokucheka. Kila mwalimu ameionja. Atakayekuambia hajaionja ni mwongo, au siku hizi ni mkuu wa shule.

Ila kususa! Mwalimu, umesusa? Kwenu hukuambiwa kwamba ukisusa wenzio wala? Umewanyima watoto wa kidato cha pili hesabu, ukakunja mikono, ukangoja walie! Hata mimi ningekufutia kiti. Ningekuletea na mto.

Sasa tuache mzaha. Umeniuliza utamnyamazishaje huyu mtoto, na mimi nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta kelele aliyopiga. Sijaiona. Alinyoosha mkono. Akangoja ruhusa. Akasimama. Akakuambia mahali hasa ambapo hajaelewa, jambo ambalo watu wazima wengi hawawezi. Neno la nyumbani likamponyoka tu, basi, anakuita hivyo asubuhi na jioni, ulitaka lisimponyoke? Mimi nimeitwa mama darasani mara nyingi, na mmoja aliniita bibi nikiwa bado sina hata mvi moja. Tukacheka wote, nikamjibu swali lake, tukaendelea.

Wewe ulimtoa nje. Na wenzake waliokuwa wamekaa walijifunza somo siku hiyo, walilielewa vizuri kuliko milinganyo: humu ndani anayeuliza anakwenda kusimama dirishani. Niambie, tangu siku hiyo kuna mtu amekuuliza swali lolote? Hukuandika, lakini jibu nalijua. Sasa darasa lisiloelewa, na lisilothubutu kuuliza, na mwalimu amekaa kitini kanuna, ulitaka lifanye nini, lisali? Unamngoja aliyeanzisha aje akuombe radhi. Utangoja sana, baba, maana aliyeanzisha ndiye huyo aliyekaa kwenye kiti.

Halafu hiyo haki yako. Kumkazia wa kwako ili uonekane hupendelei si haki hata kidogo, ni upendeleo ule ule, umeuvusha upande wa pili ukadhani umegeuka. Unampa mtoto deki, deki inamchelewesha, unamfungia mlango kwa kuchelewa. Jamani! Jioni unamwambia aulize darasani, darasani akiuliza unamtoa nje. Akaulize wapi sasa, sokoni? Ndiyo maana haji tena mezani. Hilo peke yake lingetosha kukukosesha usingizi, kuliko huyo mkuu na kiti chake. Na mkeo asilaumiwe. Angekuwa mdogo wangu mimi, ningesema zaidi ya hayo.

Fimbo ya baba yako mdogo mwachie mwenyewe. Mtoto aliyenyamazishwa na fimbo anangoja tu iwekwe chini.

Sasa usisubiri Jumatatu. Anza leo jioni. Mwite kijana mezani, mwambie, "Nilikosea. Swali lako lilikuwa zuri." Nyamaza hapo hapo. Usiongeze "lakini na wewe," maana nakujua, ulimi unakuwasha. Akileta daftari, mfundishe. Asipolileta leo, usimlazimishe, atalileta. Na vyombo vya leo uoshe wewe.

Kesho uingie darasani kabla yao. Kiti hicho kitoe. Kama kuna kitu cha kupelekwa stoo basi ni kiti, si wewe. Simama mlangoni uwasalimie mmoja mmoja kwa jina, na kama majina huyajui, ndipo pa kuanzia, kwa sababu kelele ni mahali pa kujificha, na aliyetajwa jina lake hajifichi vizuri. Wakishakaa, waambie, "Nilisema sishiki chaki. Nilikosea. Naishika." Basi. Usihutubu. Watazomea na kupiga makofi kidogo, waache, makofi yakikosa anayeyakasirikia huchoka yenyewe. Unaogopa wataona umeshindwa? Watoto wanajua mtu aliyeshindwa na mtu aliyejirekebisha, usiwadharau.

Lile jina litatajwa, tena mapema. Akilitaja mtu, jibu ukiwa unaendelea na kazi: "Ndiyo, nimemwoa dada yake. Nyumbani shemeji, hapa Mwalimu. Fungueni ukurasa." Hukuiba mke wa mtu, umeoa! Siri ndiyo iliyolipa jina hilo utamu. Ukiliitikia bila hasira, kufika mwisho wa wiki litakuwa limechacha.

Kipaza usimpigie kelele kutoka ubaoni, kwa kelele hutamweza, ana kipaji. Mwendee. Simama karibu na dawati lake, sema naye kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawaisikii, maana akikosa watazamaji hana mchezo. Kisha mpe kazi: awe anasoma maswali kwa sauti, darasa zima lisikie. Sauti ile ni mali, wewe unaiacha ifanye uhuni. Akiharibu tena, adhabu iwe yake peke yake, iwe ndogo, iwe siku hiyo hiyo, na ukishaitaja itimize. Umetishia kuita wazazi na hukuita hata mmoja, sasa wanajua maneno yako hayana mfupa. Na magoti ya darasa zima marufuku kabisa. Yule mtoto mtulivu uliyempigisha magoti bila kosa alikuwa upande wako, ukamfukuza mwenyewe.

Kwa Radi nenda ukamshukuru, ana nia njema, kisha umwombe ukuta huo asiugonge tena. Kila anapogonga anakushusha cheo mbele ya watoto wako. Kama ni kelele, ziwe zako, uzimalize wewe. Utazimaliza, sina wasiwasi na hilo. Mtu anayelijua somo lake na kulipenda nusu ya nidhamu anayo tayari, wewe hiyo nusu uliiweka chini pamoja na chaki.

Mkuu akija Jumatatu na kiti chake, mwache akae. Usiwapange watoto, usivae tai usiyoizoea. Akikuta wanauliza na wewe unajibu, vitabu vya stoo vitamtafuta mtu mwingine.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo la kuandika ubaoni kesho kabla ya lolote. Umeniandikia barua ndefu, umenieleza kiti, ukuta, madawati, mkwe, mpaka mkono wa shati la Kipaza. Lakini swali la mtoto hujalijibu mpaka leo. Hukumjibu darasani, hukumjibu nyumbani, na hata kwenye barua yako jibu lake halimo. Liandike lote, kwa herufi kubwa: kwa nini ikivuka inageuka? Muulize yeye kama umeliandika sawasawa. Kisha geuka, uwaeleze pole pole mpaka aseme ameelewa.

Na ukishamaliza na wao uniandikie na mimi, mwanangu, maana nilimaliza shule kwa kukariri tu, nikaogopa kuuliza.

Shangazi yako