Manyoya ya Bi Harusi

Nyumbani, 3 Machi

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua kukiwa na unyevu. Kaka yako yuko safarini na lori, kwa hiyo nyumba hii ni wanawake wawili na kuku wanane. Wewe je, mgongo umepungua kuuma?

Nakuandikia kwa ajili ya kuku wako. Tangu wiki iliyopita watano wanaharisha. Choo chao ni cha majimaji, cha kijani na cheupe, na manyoya ya chini ya mkia yamelowa yakagandamana. Mbaya zaidi ni Bi Harusi. Unajua alivyo na manyoya mengi hadi miguuni, ndiyo maana Mama akampa jina hilo, anatembea polepole kama anaburuta gauni. Sasa gauni lenyewe ni la kutia aibu. Harufu inafika dirisha la jikoni.

Kwetu hatukufuga, sijui pa kuanzia. Niwaoshe? Niwakate manyoya? Banda nimeachiwa mimi tangu magoti yaanze. Mama anasema nina mkono mwepesi wa kazi, lakini mkono bila akili ni kazi bure. Ameniambia, "Mwandikie mwenyewe, yeye ndiye anawajua."

Nasubiri neno lako.

Wifi yako


Bwenini, 14 Machi

Wifi,

Barua imefika. Mimi sijambo. Mgongo ni uleule, mtu akishona kola kiwandani kutwa nzima hawezi kuwa na mgongo mwingine.

Kuku hao nimewafuga miaka sita, na hakuna aliyeharisha zaidi ya siku mbili. Umeingia wewe, miezi minne, watano wamechafuka. Simlaumu mtu, nahesabu tu. Zamani barua za nyumba hiyo nilikuwa nazisoma na kuziandika mimi, kwa kuwa macho ya Mama hayaoni maandishi. Leo habari za kuku wangu nazipata kwa mgeni. Samahani, kwa wifi. Na huo mkono mwepesi nimeusoma mara tatu. Mimi niliyewalea tangu vifaranga sikuwahi kuambiwa nina mkono wa aina yoyote.

Kuhusu ugonjwa, waache. Usiwaoshe wala usiwakate. Kuku si mtoto wa kuogeshwa. Watakauka na kujikung'uta wenyewe. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Mwambie Mama namsalimu yeye.

Wifi yako


Nyumbani, 2 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Sisi tuko salama, ingawa barua hii ina habari mbaya.

Tuliwaacha kama ulivyosema. Siku ya nne nikaona nzi wanamfuata Bi Harusi kila anapokwenda. Siku ya sita hakutoka bandani. Nilipomwinua nikakuta chini ya yale manyoya yaliyogandamana kuna funza, wameshaanza kumla akiwa hai. Sikujua kitu kama hicho kinawezekana. Alikufa kabla ya mchana. Mama alikaa chini kwenye unyevu na yule kuku mapajani, na mimi sikuthubutu kumwambia ayaonee huruma magoti yake.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa daktari wa mifugo. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Nani alikwambia uwaache?" Nikasema nilikisia tu. Akanieleza: maji safi kila asubuhi, mabaki ya chakula yaliyolowa yakome, wapewe nafaka kavu, maranda ya banda yabadilishwe, na dawa ya minyoo. Wenye uchafu waoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, manyoya yakatwe kwa mkasi pale nyuma, wakaushwe kabisa kabla ya kurudi bandani.

Mama alitaka kusaidia. Alikaa kwenye kigoda akiwashika, mimi naosha. Jogoo hakuwa mgonjwa, lakini alikuja kuangalia, akateleza akaingia kwenye beseni lenye povu. Mama alicheka hadi akatoa machozi. Tangu Bi Harusi afe sikuwa nimemsikia akicheka. Saba waliobaki sasa wanapata choo kizito. Wanachekesha kidogo, kila mmoja ana kiraka nyuma, lakini wanakula.

Pole kwa Bi Harusi. Najua uchungu ni wako pia.

Wifi yako


Bwenini, 11 Aprili

Wifi,

Salamu nimezipokea. Hali yangu usiulize.

Miaka sita nimefagia banda lile peke yangu. Nikimwita Mama aje aone mayai ya kwanza anasema harufu inamuumiza kichwa. Leo anakaa kwenye kigoda, anashika kuku wenye mavi, anacheka na wewe. Beseni lenyewe ni langu la kufulia, natumaini unajua. Nimeisoma barua yako bwenini, mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia kuku. Akacheka, nikamnyamazia siku mbili.

Kuku hao ni wangu. Wauze wote saba, na banda livunjwe. Sitaki kusikia tena nani kawaosha na nani kacheka. Mkono wako mwepesi utapata kazi nyingine, nyumba ni kubwa.

Msomee Mama barua hii.

Wifi yako


Nyumbani, 5 Mei

Wifi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno ya upole. Sikuyapata, basi soma yaliyopo.

Kuku sijauza. Barua yako niliifungua mbele ya Mama. Akauliza, "Binti yangu anasemaje?" Nikaitazama karatasi, nikasema, "Anasema tuendelee hivyohivyo, kuku wapewe maji safi." Nimemdanganya mama mkwe kwa ajili yako, na hata sikupendi sana kwa sasa.

Unataka kujua kilichotokea baada ya kuku kupona? Fundi viatu wa jirani alisimama uani akawasifu. Mama akamwambia, "Ni binti yangu. Yuko mbali, lakini ametuma maelekezo yote kwa barua." Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na mkasi mkononi, nimelowa hadi kiwiko. Nikitia chumvi vizuri, anasema wewe ndiye uliyekuwa ukipika vizuri. Nikikunja nguo, wewe ulikuwa ukizikunja namna ile. Kuna siku ananiita kwa jina lako, na nikiitika hashtuki. Lile neno la mkono mwepesi alilisema mara moja tu, wifi, mara moja katika miezi sita, na mimi nikaling'ang'ania hadi nikakuandikia wewe ulione.

Unanionea wivu wa beseni la mavi. Mimi nakuonea wivu wa mama mzima. Tukae chini tuone nani ana haki.

Kuku ukitaka kuwauza, njoo uwakamate mwenyewe.

Wifi yako


Bwenini, 17 Mei

Wifi yangu,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nauliza. Hujambo? Na Mama?

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Nilianza majibu mara nne, na yote yalikuwa ya kujitetea, nikayachana. Hili ndilo la tano.

Nilijua. Tangu barua yako ya kwanza nilijua la kufanya. Yale aliyokueleza daktari nimeyafanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilikuandikia hakuna aliyeharisha zaidi ya siku mbili, si kweli; mwaka wa kwanza kabisa nilipoteza kuku watatu kwa funza, na tangu hapo nikiona manyoya yamelowa nilikuwa siendi kulala bila kuyasafisha. Uliponiambia yamegandamana, nilijua nzi watakuja. Nikaandika, "Waache." Nilitaka ushindwe kidogo. Nilitaka Mama aseme, "Angekuwepo binti yangu." Sikutaka Bi Harusi afe, lakini kalamu nilishika mimi, hakuna aliyenishika mkono.

Kumbe sifa nilizozitaka alikuwa akinipa, tena kwa jirani.

Naomba unisamehe, na usiharakishe. Hii msomee Mama yote, neno kwa neno. Usinifichie tena. Kuku ni wenu, banda lisivunjwe.

Wifi yako


Nyumbani, 1 Juni

Wifi yangu,

Sisi wazima. Magoti yana nafuu, jua limetoka.

Nimemsomea. Nilipofika pale ulipoandika ulijua, nilitaka kuruka mstari, lakini alikuwa ananiangalia mdomoni. Nikasoma. Nilipomaliza akasema, "Yule alikuwa kuku wangu." Akanyanyuka, akaenda kukaa uani.

Nikwambie ukweli wangu na mimi. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nami nimeonekana. Nikamfuata na maji ya kunywa, nikitegemea atanishukuru. Akauliza, "Wewe ulijua anakudanganya?"

"Sikujua, Mama."

"Lakini mimi ulinidanganya. Ulinisomea barua ambayo haikuandikwa."

Akanywa maji, akasema, "Mmoja ameacha cherehani anaonea wivu mavi ya kuku, mwingine anaonea wivu mtu aliyeko bwenini. Na mimi nimezungukwa na nyinyi." Furaha yangu ikaishia hapo.

Siku mbili hakukutaja. Hakuniita kwa jina lako, wala kwa langu. Jana asubuhi nilikuwa namkata manyoya yule kuku mweusi aliyeanza tena kuharisha, Mama akaja na kigoda chake, akamshika. Tulipomkausha akauliza likizo yako inaanza lini. Nikasema sijui.

Akasema, "Si umwulize."

Basi nakuuliza.

Wifi yako