CD Hii Ni Yako, Kaka

Muscat, Ijumaa

Kaka yangu Baba Nuru,

Shikamoo. Hamjambo wewe, wifi na Nuru? Mama huko Kitangari goti limempoa? Na mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mzima kabisa, bado nafua mashuka ya hoteli, na siku hizi nacheka sana.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu barua inasafiri na Konsolata, yule mwenzangu wa Lulindi, anakuja likizo. Amebeba na CD. Usiiweke kwenye mashine ya gemu kwanza, soma.

Unakumbuka tulivyogombana kwenye simu? Ulisema gemu ninazonunua mtandaoni si zangu, ni kama nimeazimwa tu. Nikakujibu kwa kiburi kwamba wewe na CD zako za kununua kibandani Mkomaindo mmepitwa na wakati. Tangu siku ile tunasalimiana tu kama majirani. Basi nilipobadilisha laini ya simu, mashine ikanitoa kwenye akaunti. Kila nikijaribu kuingia, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ya zamani, ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Gemu zangu zote tisa zimefungiwa humo, pamoja na ile ya mpira uliyonifundishia kushika pedi ya kuchezea. Nililia, kaka. Halafu nikaona aibu kukuambia.

Siku moja ya mapumziko nikaingia duka la mitumba. Mwenye duka ni bibi, anaitwa Bi Thuwaiba, na Kiswahili chake cha Unguja kinatushinda sisi! Ndani ya boksi la nyaya nikaiona gemu yetu ileile, kasha limepasuka.

"Bei gani hii, bibi?"

"Hiyo ya mwanangu. Kaoa, kahama, kaiwacha. Siiuzi."

Nikambembeleza. Akanitazama weee, kisha akasema, "Njoo uicheze kwangu. Nyumba imekuwa kimya mno."

Basi kila Ijumaa nakwenda. Yeye anatenga kahawa, mimi naweka CD kwenye mashine aliyoiacha mwanawe. Wiki ya tatu akaitaka pedi. Hakujua hata anacheza upande gani! Ijumaa iliyopita akabonyeza tu ovyo, mpira huo, wavuni kwangu. Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaposwa. Nilicheka nikakaa chini.

Ndipo nikamsimulia habari zako na ugomvi wetu. Akaitoa CD, akaifuta kwa ushungi wake, akanikabidhi.

"Mpelekee kaka yako."

"Na sisi tutacheza nini, bibi?"

"Boksini zimo nyingine. Unadhani nimekubali kufungwa na wewe miezi yote hii bure? Nilikuwa najifunza."

Ulisema kweli, Baba Nuru. Katika zile zangu za mtandaoni nisingeweza kukupa hata moja. Nisamehe maneno yangu.

Mama mfikishie shikamoo yangu. Wifi mwambie kitenge chake nimeshakipata. Shangazi wa Newala, anayetuombea kila siku, mwambie dua zinafika. Nuru mbusu.

Ndani ya kasha utakuta jina la mtoto wa Bi Thuwaiba, kaliandika kwa kalamu. Chini yake nimeandika lako. Nafasi iliyobaki ni ya yeyote utakayempa.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe