Saa Imehamia Mguuni

Donholm, Nairobi

Kwako mke wangu, Mama Mwende,

Habari za huko Mwala? Goti lako limepoa, au bado unapanda kilima na mtungi huku ukidai haliumi? Mimi ni mzima, ingawa najua neno hilo hamliamini.

Nimesikia wewe na kaka Kioko mmekubaliana aje Jumamosi na gari anichukue, vyombo vyangu vya kuchongea vifungwe guniani, nirudi nikae nyumbani. Sababu eti Mwende aliwapigia simu akasema tangu kiharusi kinipige ninakaa tu, na saa imethibitisha. Mama Mwende, sirudi. Nasema mapema usije ukasoma barua nzima ukitumaini.

Sasa sikiliza habari za hiyo saa. Binti yako aliinunua ihesabu hatua zangu, muda na umbali, kama daktari alivyotaka. Akanifungia mkono wa kushoto, jinsi watu wanavyovaa saa. Kila asubuhi natembea hadi steji na kurudi, jasho linanitoka, halafu jioni anatazama simu yake na kununa. "Baba, usinidanganye. Inasema hujainuka." Nikaapa, akaniangalia kana kwamba mimi ni mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kumbe saa ile huhesabu mkono ukiyumba, na huu wangu wa kushoto unaning'inia tu. Nilikuwa natembea bure.

Tulijuaje? Siku moja mkanda ulinichubua, nikamwomba fundi jirani anihamishie mkono wa kulia. Kisha nikakaa kumpiga msasa kiboko niliyemchonga. Kiboko hajaanza hata kung'aa, saa ikatetemeka na kunipongeza: nimekwenda masafa ya kutosha kunifikisha Thika! Nami nimekalia gogo! Nilicheka hadi fundi akaja mbio akidhani kiharusi kimerudi.

Basi ningeweza kunyamaza. Ningesugua vinyago kila siku, Mwende awasomee masafa, nanyi mnisifu na kumwambia Kioko aache gari. Shetani alinishauri hivyo, sikatai. Lakini sitaki kuachwa hapa kwa ushahidi wa kiboko. Nilimwita Mwende nikamwonyesha, akaona haya. Anasema alikupigia kukueleza, ukadhani nimemfundisha maneno. Ndiyo maana naandika mwenyewe. Saa sasa imefungwa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, huu huu mnaosema umekufa. Usipoinuka, hakuna hatua.

Vijana wa bodaboda hawaniachi. "Niaje mzee, kwani umefungwa alarm ndio usihepe?" Nami nawajibu, "Hii ni ya kuwahepa nyinyi mkianza kuomba chai." Wanacheka, halafu mmoja wao anasimamisha magari nivuke.

Najua unaniogopea, nami nakupenda kwa hilo. Lakini mkumbuke baba yangu. Alipopooza tulimwekea kiti ukutani, tukamletea uji, maji, kila kitu, kwa mapenzi matupu. Hakuinuka tena. Mimi nakiogopa kiti kile kuliko kuanguka barabarani. Nimeshaanguka mbele ya kanisa, watu wakapiga mayowe, nikajikung'uta vumbi nikaendelea na safari yangu.

Jana nilitoka hapa na Mwende, tukaifuata Outer Ring mpaka Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Tulipumzika njiani, sikufichi, na akina mama wenye mizigo kichwani walitupita. Lakini tulifika, na saa ikakubali umbali wote. Mwende alilia palepale, wauza mbuzi wakadhani tumeibiwa. Muulize.

Mama yangu msalimie, umwambie dawa nameza. Msalimie na shemeji yangu mwalimu. Kitinda mimba wetu aache kuvaa viatu vyangu vya kanisani, nitavihitaji Krismasi nikija kuwaona. Nitakuja, nitakula, nitarudi kazini.

Na kaka Kioko usimzuie. Aje hiyo Jumamosi, ila gari aliegeshe hapa Donholm anifuate kwa miguu. Akichelewa, atanikuta Kiamaiko namalizia supu.

Mume wako,
Baba Mwende